Taa kuwaka si ushahidi kwamba umeme uko salama

Wenye nyumba wengi husema: "Taa zinawaka, soketi zinafanya kazi, ukaguzi wa nini?" Lakini taa huwaka vizuri tu hata waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ukiwa umekatika. Hitilafu hiyo hujitokeza siku jiko la umeme linapopata shoti kwenye bodi yake ya chuma na mpangaji akaligusa.

Wengine hutegemea sakiti breka, swichi inayojizima umeme ukizidi. Hiyo hulinda waya usiungue. Ya ampea 16 haitajizima kwa miliampea 50 zinazopita mwilini, ingawa zinaweza kuua. Kinachomlinda mtu ni kifaa kinachokata umeme unaovuja, kwa kawaida ukifika miliampea 30. Ndiyo maana fundi makini hufungua soketi na kupima kwa mita. Kuangaza tochi na kupiga picha mbili tatu si ukaguzi.