Frei Otto na mapaa yaliyotokana na sabuni

Chovya kitanzi cha waya kwenye maji ya sabuni, kisha kiinue taratibu. Utando unaobaki umejinyoosha wenyewe: hakuna umbo jingine linaloweza kuziba kitanzi hicho kwa eneo dogo zaidi, na mvutano wake ni uleule kila upande. Kazi yangu ni kukokotoa mapaa, na utando huo ndio ulionifundisha hema linavyosimama. Aliyeufanya nyenzo ya usanifu ni Mjerumani Frei Otto, aliyezaliwa 1925 karibu na Chemnitz, akafariki 9 Machi 2015, siku moja kabla ya kutangazwa kuwa mshindi wa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa rubani. Alipotekwa, alifungwa karibu na Chartres, Ufaransa, akapewa kazi ya kusanifu majengo ya kambi huku vifaa vikiwa haba. Naamini kila alichofanya baadaye kilianzia pale. Wanazi walipenda majengo mazito ya mawe, yanayomfanya mtu ajione mdogo. Otto alitaka jengo jepesi, ambalo likishatumika linakunjwa na ardhi inabaki ilivyokuwa.

Mwaka 1964 alianzisha taasisi ya miundo myepesi mjini Stuttgart. Banda la Ujerumani kwenye maonyesho ya dunia mjini Montreal, Kanada, 1967, alilibuni pamoja na msanifu Rolf Gutbrod: wavu wa kamba za chuma ulioning'inizwa kwenye milingoti. Paa la Olimpiki ya München, 1972, watu humpa yeye peke yake, na hiyo si haki. Ubunifu ulikuwa wa msanifu Günter Behnisch na wenzake. Otto aliitwa asaidie kulipatia umbo.

Mimi naipenda zaidi Multihalle, ukumbi wa mjini Mannheim, Ujerumani, wa 1975. Kwa mfano mdogo wa jengo, Otto alining'iniza wavu wa vijinyororo, akapima ulivyolegea, akaugeuza juu chini. Kilichokuwa mvutano kikawa mgandamizo. Kwenye kiwanja, fito za mbao za sentimita 5 kwa 5 zilifumwa zikiwa bapa chini, kisha zikasukumwa juu kutoka chini hadi zikajikunja kuwa kuba. Kupima nguvu yake, walitundika mapipa ya taka yaliyojaa maji. Jengo lilikusudiwa kwa maonyesho ya bustani ya mwaka ule tu. Mpaka leo limesimama.