Unga wa Mitishamba: Maabara Hujuaje Ni Mmea Gani?

Mtaalamu wa mitishamba hawezi kuutambua mmea kwa macho?

Akiwa na majani na maua, anaweza. Shida huanza mmea ukishasagwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Brussels, wanawake waliokuwa wakimeza vidonge vya kupunguza unene walianza kuharibikiwa figo. Mmea uliokusudiwa ulikuwa Stephania tetrandra. Kilichoingia ni Aristolochia fangchi, ambao jina lake la Kichina linakaribiana na la mwenzake. Huu wa pili una asidi ya aristolokiki, sumu ya figo inayoleta pia saratani ya njia ya mkojo. Jina tu, na watu wakapoteza figo.

Maabara huutambuaje, basi?

Njia nyepesi ni kromatografia ya tabaka jembamba. Tuchukue manjano. Unga unalowekwa kwenye spiriti, tone lake linawekwa karibu na ukingo wa chini wa kibao kilichopakwa silika (unga laini wa madini), kisha ukingo huo unachovywa kwenye kiyeyushi, yaani kimiminika kinachoyeyusha kemikali za mmea. Kiyeyushi hupanda taratibu, kama mafuta ya taa kwenye utambi, na kila kemikali hupanda nacho kwa mwendo wake. Manjano halisi huacha madoa matatu ya njano yaliyopangana kama vidato vya ngazi: kurkumini, yaani kemikali inayoyapa manjano rangi yake, na ndugu zake wawili. Kurkumini ya kutengenezwa kiwandani huacha doa moja. Pembeni hupandishwa sampuli iliyothibitishwa, ili kulinganisha.

Na kusawazisha kiwango ni nini?

Mmea mmoja hutofautiana kwa udongo, msimu na namna ulivyokaushwa, kwa hiyo dozi haitabiriki mpaka kemikali fulani ya mmea ipimwe na iwekwe sawa katika kila toleo, yaani kila fungu la dawa linalotengenezwa kwa pamoja. Dondoo (kemikali zilizokamuliwa kutoka kwenye mmea) ya majani ya mti wa ginkgo, kwa mfano, kwa kawaida huwa na takriban 24% ya kundi la kemikali ziitwazo flavonoidi. Walaghai wanalijua hilo: huongeza rutini, flavonoidi ya bei nafuu kutoka mimea mingine, hesabu ikatimia. Ndiyo maana mimi siamini namba moja peke yake. Mpimaji mzuri hutazama mpangilio mzima wa kemikali.

Si wapime DNA tu?

Kwa majani makavu, sawa. Kwenye dondoo, DNA mara nyingi imeshakatikakatika au kwisha. Tena haisemi kiasi.

Iliyofaulu vipimo ni salama?

Imefaulu kwa kile ilichopimwa. Kibao kile cha manjano hakiwezi kuonyesha kromati ya risasi, rangi yenye sumu inayotiwa kwenye unga ili ung'ae. Hiyo inataka kipimo cha metali. “Mitishamba” ya nguvu za kiume imekutwa mara nyingi na sildenafili, dawa ya kiwandani ya nguvu za kiume, na anayeimeza huku akitumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, presha yake inaweza kushuka hadi afe. Wala usafi hauthibitishi kwamba dawa inaponya. Hilo hujulikana kwa majaribio kwa wagonjwa.

Niulize nini kabla ya kununua?

Omba cheti cha uchambuzi, kisha soma namba ya toleo. Isipolingana na iliyo kwenye chupa, cheti hicho ni cha toleo jingine.