Jeraha la Mti Haliponi, Hufungiwa Ndani

Mjakaranda ukikatwa tawi mjini Moshi, mara nyingi jeraha hupakwa rangi ya mafuta au lami, kwa imani kwamba mti hupona kama ngozi ya binadamu. Hauponi hivyo. Sehemu iliyoumia haijengwi upya; kama alivyoeleza mtaalamu wa miti kutoka Marekani, Alex Shigo, katika miaka ya 1970, baada ya kupasua magogo mengi kwa msumeno wa mashine, mti huitenga: mirija ya maji iliyo juu na chini ya jeraha huzibwa, seli hai hutoa kemikali zinazodhoofisha kuvu, na tabaka linaloota baada ya kuumia huwa kizuizi imara kuliko vyote. Ile tishu mpya nene inayojikunja kingoni mwa jeraha hufunika tu, na uozo ulio nyuma yake hubaki palepale. Ndiyo maana mgrevilea wenye uwazi ndani huweza kuendelea kuchanua kwa miaka.

Rangi haizuii kuoza. Huweza hata kutunza unyevu unaopendwa na kuvu. Cha maana zaidi, na kwa bahati mbaya hupuuzwa, ni mahali pa kukata: nje kidogo ya uvimbe ulio pale tawi linapoungana na shina, bila kuuchubua wala kuacha kisiki kirefu.