Maumivu yanapozuia kikohozi: kwa wenye sistiki faibrosisi na wanaowatunza

Mtoto mwenye sistiki faibrosisi akikataa zoezi la asubuhi la kutoa makohozi, nyumbani huonekana mkaidi. Mimi humuuliza kwanza: "Ukikohoa, panauma wapi?" Mara nyingi, kabla hajajibu, mkono umeshashika ubavu.

Ugonjwa huu ni wa kurithi. Mtoto huupata anapopokea jeni ya CFTR yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama pia. Chumvi na maji havipiti kwenye seli inavyotakiwa, basi ute wa mapafu, kongosho na utumbo huwa mzito na wa kunata. Huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, lakini Waafrika nao huupata. Tena hitilafu iliyozoeleka kwa wagonjwa weusi wa Afrika Kusini ni tofauti na ile ya Ulaya, kwa hiyo kipimo cha jeni kinachotafuta hitilafu za Wazungu pekee kinaweza kumruka mgonjwa.

Anayekohoa usiku na mchana huchosha misuli ya mbavu na mgongo. Mifupa ikiwa imedhoofika, ubavu unaweza hata kupata ufa kwa kukohoa tu. Kichwa huuma sinasi, yaani matundu ya hewa yaliyo usoni, zikijaa, na wengine huvimba viungo. Mgonjwa anayeogopa maumivu hukohoa nusunusu, makohozi hubaki kifuani, bakteria huzaliana, na kikohozi huzidi. Ndiyo maana hunisikitisha kusikia mtoto akisifiwa kwa kuvumilia kimya. Uvumilivu huo unamponza.

Jaribuni hivi. Mgonjwa akae wima, miguu ikanyage sakafu, akumbatie mto mahali panapouma na kuubana anapokohoa. Badala ya kikohozi kikali, avute pumzi kiasi, afungue mdomo na kuitoa kwa nguvu, "haaa", kama anayetaka kioo kishike ukungu. Makohozi hupanda bila mbavu kutikisika sana. Kama daktari ameandika parasetamo, inywewe nusu saa hivi kabla ya zoezi. Wengi huinywa zoezi likiwa limeshawashinda. Mwenye ini lililoathirika apangiwe na daktari kiasi chake cha dawa.

Ibuprofeni, dawa nyingine ya maumivu, inahitaji tahadhari kubwa. Wagonjwa hawa hutibiwa mara kwa mara kwa tobramaisini au amikasini, dawa za kuua bakteria, na dawa hizo zikikutana na ibuprofeni figo huweza kuumia. Msiinunue dukani bila kuuliza.

Mofini, dawa kali ya maumivu, haijapigwa marufuku. Maumivu makali yanastahili dawa kali. Ila hupunguza mwendo wa utumbo, na utumbo wa mgonjwa huyu tayari ni mzito. Ukiandikiwa, uliza siku hiyohiyo kuhusu dawa ya kulainisha choo. Mofini ikizidi, huleta usingizi na kupunguza pumzi na kikohozi, kwa hiyo kipimo hakiongezwi nyumbani.

Kuhusu tumbo, naomba mnisikilize kwa makini. Wengi wa wagonjwa hawa kongosho lao halitoi vimeng'enya vya kusaga chakula vya kutosha, hivyo humeza vidonge vya vimeng'enya wanapoanza kula. Kwa wali wa nazi, vidonge havisahauliki. Vinavyosahaulika ni vya andazi na chai ya maziwa ya saa nne. Mafuta yale hayasagiki, na jioni mtoto analala kajikunja, tumbo limejaa gesi. Kabla ya kutafuta dawa ya maumivu, hesabuni alichokula siku nzima na vidonge alivyomeza. Siku za joto pia hupoteza chumvi nyingi kwa jasho. Akikosa maji na chumvi, kinyesi hukauka.

Dawa mpya zinazorekebisha kazi ya CFTR, kama ule mchanganyiko wa dawa tatu ulioidhinishwa Marekani mwaka 2019, zimewapunguzia wengi kikohozi. Lakini hazimfai kila mwenye hitilafu, bei yake ni kubwa mno, na anayezitumia bado anaweza kuumwa mgongo au tumbo. Aulizwe maumivu yake kila anapokuja kliniki.

Maumivu ya kifua yanayochoma ghafla pamoja na kukosa pumzi yanaweza kuwa pafu lililosinyaa. Maumivu ya tumbo, hasa upande wa kulia chini, pamoja na kutapika kijani na kukosa choo, huweza kuwa utumbo ulioziba. Kwa hayo mawili, au akikohoa damu, nendeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, na mbebe dawa zake zote.