Kwa nini pikipiki yenye taa mbili huwasha moja tu, na nini hutokea ukiziunganisha zote?

Usiku ukikutana na pikipiki kubwa ya mbio, mara nyingi utaona taa yake moja inawaka na nyingine ni giza. Watu humpigia kelele mwendeshaji: "Taa moja imeungua hiyo!" Haijaungua. Imetengenezwa hivyo kiwandani. Mwenye pikipiki akichoka kuambiwa hivyo, huenda kwa fundi umeme akaomba taa ziwake zote mbili kwa pamoja. Fundi anayejua kazi yake humuuliza kwanza: zote mbili kwenye dimu (mwanga wa karibu), au zote mbili kwenye fuli (mwanga wa mbali)? Ni maombi mawili tofauti kabisa, na moja kati yake linaweza kumpofusha dereva anayekuja mbele.

Kwenye pikipiki nyingi za aina hii taa hizo mbili zinafanana kwa nje tu. Ndani, kila moja ina riflekta, yaani bakuli linalong'aa la kurudisha mwanga mbele, ya umbo lake na kazi yake. Ya dimu imeundwa ili mwanga uishie kwenye mstari fulani, uangaze barabara bila kupanda hadi usoni mwa anayekuja. Ya fuli haina mstari huo. Inarusha mwanga mbele moja kwa moja, mbali kadiri inavyoweza. Bajaj Pulsar 220 inaonyesha jambo hili waziwazi kwa sababu taa zake zimepangwa juu na chini: ya chini, yenye lenzi iliyobinuka kama gololi, ni ya dimu, ya juu ni ya fuli. BMW nao hawakujisumbua kuficha. R1150GS ilikuwa na taa moja kubwa na moja ndogo, na S1000RR ya kizazi cha kwanza ikatoka na taa moja ya mviringo na nyingine yenye pembe. Wengi waliicheka sura ile ya kengeza. Mimi naiona ni ya kweli kuliko zile zinazojifanya pacha.

Mtindo wenyewe wa taa mbili usoni ulipata nguvu kutoka mashindano ya masaa mengi, kama yale ya saa 24 ya Le Mans na ya saa 8 ya Suzuka, ambako pikipiki hukimbia hadi gizani. Suzuki GSX-R750 ya mwaka 1985 iliuleta barabarani na taa zake mbili za duara, na baada ya hapo kila kampuni ilitaka uso wa aina hiyo. Ndiyo maana leo hata pikipiki ndogo hupewa taa mbili, hata kama kwa mahitaji ya mwanga moja ingetosha.

Njia ya zamani zaidi, ambayo bado iko kwenye pikipiki nyingi za bodaboda, ni balbu moja yenye nyuzi mbili ndani. Balbu ya H4, iliyoanza kutumika mwaka 1971, ina uzi wa fuli wa wati 60 na uzi wa dimu wa wati 55. Uzi wa fuli umekaa kwenye kitovu cha riflekta. Uzi wa dimu umesogezwa mbele kidogo, na chini yake kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usiguse nusu ya chini ya riflekta. Mwanga unaopiga nusu ya juu peke yake hurudi ukiinamia barabarani. Tofauti kati ya dimu na fuli, kwa hiyo, ni suala la milimita chache. Ukitia humo balbu ya LED ya bei ya chini ambayo vipande vyake vya kutoa mwanga havikukaa mahali pa zile nyuzi, mwanga unasambaa hovyo: wewe unaona weupe mwingi mbele ya gurudumu, na aliye mbele yako haoni kitu.

Sasa turudi kwa fundi na ombi la mteja wake la kuwasha taa zote mbili. Kuna namna tatu za kulitimiza.

Ya kwanza ni ya mkato: kuunganisha waya wa dimu na waya wa fuli moja kwa moja. Taa zote zinawaka, mteja anafurahi, analipa. Lakini kuanzia hapo pikipiki haina dimu tena. Swichi ikikaa upande wowote, umeme unafika kwenye taa zote mbili, pamoja na kile kitaa cha bluu cha kwenye dashibodi kinachokuonya kwamba uko kwenye fuli. Ukiona kitaa cha bluu hakizimiki, jua ulichofanyiwa. Madhara yake yanahesabika: chombo kinachokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva aliyemulikwa usoni akihitaji sekunde tatu tu ili macho yarudi, ameshakwenda mita 50 bila kuona vizuri, na wewe uko ndani ya mita hizo.

Namna ya pili ndiyo ninayoipendekeza. Hapa dimu inabaki dimu, taa moja kama kiwanda kilivyopanga, ila ukiweka fuli ile ya dimu haizimiki. Kwenye pikipiki ambazo hubadilishana, yaani fuli ikiwaka dimu inakufa, mwendeshaji hupata mwanga wa mbali lakini hupoteza ule wa karibu, na mashimo ya mbele ya gurudumu yanamezwa na giza. Zikiwaka pamoja anaona kote kuwili, na akikutana na mtu anarudi dimu kama kawaida. Hili linafaa pale kila taa ina balbu yake. Kwenye H4 usijaribu: nyuzi mbili zikiwaka pamoja ndani ya kioo kimoja ni wati 115, joto ambalo balbu, holda na riflekta havikutengenezewa kulibeba muda wote.

Ya tatu ni kuziwasha zote mbili kwenye dimu kwa haki, na hapo waya hautoshi. Inabidi taa ya pili nayo iwe na riflekta au lenzi ya dimu. Kwa pikipiki nyingi hiyo maana yake ni kununua taa nzima nyingine.

Tuseme umechagua ile ya pili. Balbu moja ya wati 55 kwenye volti 12 hunywa karibu ampea 4.6. Mbili ni ampea 9.2. Fyuzi ya ampea 10 imebaki na pumzi ndogo sana, na swichi ya kwenye hendeli, yenye visahani vidogo vya shaba ndani, haipendi mzigo huo. Huanza kupata moto, kisha plastiki inalegea. Hapo ndipo rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole, inapoingia. Nyingi zina miguu yenye namba zilezile: 30, 85, 86 na 87. Waya mnene kutoka betri hupita kwenye fyuzi yake yenyewe na kuingia 30. 87 huenda kwenye balbu ya dimu. 85 na 86 ni za koili ndogo (waya uliosokotwa unaovuta swichi ya ndani), mmoja unapata umeme wa waya wa fuli na mwingine unakwenda ethi, yaani upande wa hasi. Ukiweka fuli, swichi inabeba sehemu ndogo tu ya ampea ya kuamsha koili, na rilei ndiyo inayobeba mzigo. Ukirudi dimu, rilei inaachia na mfumo wa kiwanda unaendelea kama haujaguswa.

Wengi hawajui kwamba rilei na waya mnene, hata bila kuongeza taa, huweza kuongeza mwanga. Mwanga wa balbu ya halojeni, kama hiyo H4, haushuki sawa na volti. Ukipoteza asilimia 10 ya volti njiani, kwa waya mwembamba, soketi yenye kutu au ethi mbovu, unapoteza takriban asilimia 30 ya mwanga. Pima volti kwenye betri injini ikizunguka, kisha pima kwenye soketi ya balbu taa ikiwa inawaka. Ukikuta 14 kwenye betri na 12 na kidogo kwenye balbu, tatizo lako si uchache wa taa. Safisha miunganisho kwanza, ndipo uzungumzie taa ya pili.

Kwa bodaboda za injini ndogo kizuizi kingine ni umeme wenyewe. Balbu ya HS1, iliyo kwenye nyingi za hizi, ni ya wati 35 kwa 35, na dimu yake hutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 525, wakati dimu ya H4 hutoa lumeni 1,000. Kwa umbo zinafanana sana, kwa hiyo haishangazi kwamba watu hutia balbu ya gari. Wati 20 za ziada zinatoka wapi? Kutoka koili za magneti, zile zinazozalisha umeme injini ikizunguka, zilizopimwa kwa mzigo wa kiwanda, na kwenye foleni injini ikizunguka polepole koili hizo hutoa umeme kidogo. Pengo linazibwa na betri, na asubuhi stata inagoma. Kuna pia pikipiki ambazo taa hulishwa na koili moja kwa moja bila kupitia betri; utazitambua kwa taa inayopanda na kushuka kufuata mkono wa mafuta. Huko ukiongeza mzigo, kila taa inafifia.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo wapenzi wa taa mbili huisahau. Gizani, dereva hukadiria umbali wa gari kwa kuangalia nafasi kati ya taa zake. Taa za gari huachana kwa mita moja na zaidi. Za pikipiki huachana kwa sentimita chache. Akidhani anaona gari, zile taa mbili zilizokaribiana zitamwambia kwamba gari liko mbali, kumbe ni pikipiki iliyo karibu, naye anaingia barabarani. Kanuni namba 53 ya Umoja wa Mataifa kuhusu taa za pikipiki inaruhusu dimu mbili, lakini inataka kingo zake zisiachane zaidi ya milimita 200, kwa hiyo huwezi kulikwepa tatizo hili kwa kuzitenganisha kama za gari.

Kazi ikiisha, kabla hujamlipa fundi, simamisha pikipiki mita kumi kutoka ukutani, mtu akiwa amekaa juu yake. Weka dimu: mpaka wa mwanga uwe chini kidogo ya urefu wa taa yenyewe, na juu yake ukuta uwe na giza. Weka fuli: duara la mwanga lipande na kitaa cha bluu kiwake. Rudi dimu. Kama ukuta wa juu bado unang'aa, mwambie afungue tena waya.