Mfumo ikolojia ni nini? Sindano ya ng'ombe na migunga ya Serengeti

Ng'ombe wa kijijini akichomwa sindano, mgunga ulioko porini unapata nafasi ya kukua. Utadhani ni kitendawili, lakini ndivyo ilivyotokea Serengeti karne iliyopita. Ukiifuata habari hiyo hatua kwa hatua, maana ya mfumo ikolojia inakuja yenyewe, bila kukariri.

Wengi wetu shuleni tuliandikiwa ubaoni kwamba mfumo ikolojia ni viumbe hai na vitu visivyo hai vinavyotegemeana mahali fulani. Hakuna kosa hapo. Shida ni kwamba mwanafunzi anaondoka na orodha tu: simba, swala, nyasi, jua, maji. Anajua waliomo ila hajui nani kamshika nani. Neno lenyewe lilitolewa mwaka 1935 na mtaalamu wa mimea wa Uingereza, Arthur Tansley, aliyetaka udongo, hewa na mvua vihesabiwe pamoja na viumbe kama kitu kimoja kinachofanya kazi. Ukubwa unaamuliwa na anayetazama. Lundo la mavi ya nyati, pamoja na mbawakawa, funza na kuvu wake, ni mfumo ikolojia. Serengeti nzima nayo ni mfumo ikolojia.

Sasa turudi kwa ng'ombe. Mwishoni mwa miaka ya 1880, sotoka, ugonjwa wa virusi unaoua ng'ombe, iliingia Pembe ya Afrika na mifugo iliyoletwa kutoka ng'ambo, ikashuka kusini kwa kasi. Miaka ya mwanzo ya 1890 ilikuwa imeshafika Umasaini. Mazizi yalibaki matupu. Ndui na njaa vikafuatana nayo, na Wamasai hadi leo wanakiita kipindi kile Emutai, yaani maangamizi. Virusi vya sotoka haviishii kwa ng'ombe: nyati walikufa, nyumbu wakafa. Mifugo ilipotoweka, vichaka vilitambaa juu ya malisho yaliyokosa wa kuyala, na mbung'o wakapata makazi. Maeneo kadhaa ambayo wageni waliyakuta baadaye wakayaita pori la asili lisilowahi kukanyagwa na mtu, yalikuwa malisho ya watu waliokufa au kuhama. Nadhani jambo hili halisemwi vya kutosha.

Sotoka haikuondoka. Kwa miongo iliendelea kuua ndama wa nyumbu kila mwaka, na watu wakaamini kwamba wanyamapori ndio ghala la ugonjwa. Miaka ya 1950 ng'ombe wanaozunguka Serengeti wakaanza kuchanjwa. Huko Muguga, karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake wakatengeneza chanjo bora zaidi, ya bei nafuu. Kikatokea kioja: hakuna nyumbu hata mmoja aliyechanjwa, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 sotoka ilikuwa imetoweka kwao. Kumbe ghala lilikuwa zizini. (Mwaka 2011 ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa duniani kote, wa pili baada ya ndui.)

Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa kama 260,000. Kufikia 1977 walikuwa wamepita milioni 1.3. Mnyama ambaye mitaani jina lake ni tusi, la mtu anayefuata mkumbo bila kufikiri, ndiye aliyebadilisha sura ya nchi. Midomo milioni na zaidi inakula nyasi nyingi mno. Zamani nyasi ndefu zilikauka kiangazi na moto ukapita ukiteketeza sehemu kubwa ya hifadhi mwaka baada ya mwaka, pamoja na miche ya miti. Nyasi zilipoliwa, moto ukakosa cha kula. Miche ya migunga ikapona, ikapita kimo cha kuungua. Tembo nao wana mkono wao hapa, maana ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwapunguza sana, na tembo ni mvunja miti. Ila nyumbu na moto ndio wenye sehemu kubwa ya habari hii.

Kwa hiyo: sindano, virusi, nyumbu, nyasi, moto, mti. Mnyororo huo ndio mfumo ikolojia. Orodha ya wanyama isingekuonyesha kiungo hata kimoja, kwa sababu virusi na moto haviandikwi kwenye mabango ya utalii.

Kuna neno jingine linalochanganywa na hili, bayomu. Bayomu ni aina ya nchi, inayotambulika kwa tabianchi na uoto wake, popote ilipo duniani. Serengeti iko kwenye bayomu ya savana: mvua za msimu, kiangazi kirefu, nyasi na miti iliyoachana. Cerrado ya Brazili ni savana pia, na kaskazini mwa Australia vilevile. Lakini Cerrado haina nyumbu, na Australia ina kangaruu. Bayomu moja, mifumo ikolojia tofauti. Sisi tuna neno letu la zamani, mbuga, lenye maana ya uwanda mpana wa nyasi. Siku hizi limegeuzwa kuwa hifadhi yenye geti na kiingilio, hata msitu mnene unaitwa mbuga. Tumepoteza neno zuri kwa uzembe.

Geti hilo linaleta kosa jingine, la kudhani kwamba mfumo ikolojia unaishia penye kibao cha hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, lakini nyumbu wanazaa kwenye nyasi fupi za kusini, upande wa Ndutu na Ngorongoro, ambako majivu ya volkano yameupa udongo madini yanayomfaa mama anayenyonyesha. Kiangazi wanavuka kwenda Maasai Mara, Kenya, wakifuata maji ya mto Mara. Maelfu huzama mtoni kila mwaka, na mizoga yao inalisha mamba, tai na samaki, kisha mifupa inaachia fosforasi majini polepole kwa miaka.

Mto wenyewe unaanzia msitu wa Mau, nchini Kenya, mbali kabisa na simba yeyote wa Serengeti. Miti ya Mau imekatwa sana kupisha mashamba na makazi, wakati kaskazini mwa Serengeti Mara ndio mto pekee unaotegemewa kuwa na maji mwaka mzima. Mkulima anayepanda viazi juu kule Mau huenda hajawahi kumwona nyumbu, naye yumo katika mfumo huohuo.