Kwa nini mkamba humbana mtu zaidi anapotoa pumzi?

Keti karibu na mtu mwenye mkamba sugu usiku wa baridi, umsikilize. Pumzi huingia haraka, kisha hutoka polepole, ndefu, ikipiga mluzi kifuani. Yeye atakwambia, "Sipati hewa." Ukitega sikio utagundua kwamba hewa inaingia, ila ile iliyokwisha kutumika ndiyo isiyotoka.

Mkamba ni uvimbe wa ndani ya mirija inayopeleka hewa mapafuni. Tunapovuta pumzi kifua hutanuka, na mirija hiyo huvutwa ikafunguka zaidi. Tunapoitoa, kifua husinyaa na kuibana. Mwenye afya hata hahisi. Lakini mirija iliyovimba na kujaa ute ikibanwa, hubaki upenyo mdogo mno. Na hapa kuna hesabu inayoshangaza: katika mrija ambao hewa hupita kwa utulivu, upana ukipungua nusu, ugumu wa kupita hauongezeki mara mbili, huongezeka mara 16. Uvimbe kidogo tu, mtu anahema. Hewa inayobaki huchukua nafasi, pumzi inayofuata inakuta kifua kimeshajaa.

Mkamba wa kawaida huja baada ya mafua, nao kwa kawaida huletwa na virusi. Kikohozi chake kinaweza kuendelea wiki tatu hivi, kisha kikaisha chenyewe, na antibayotiki mara nyingi hazisaidii kitu, hata kama makohozi ni ya kijani. Mkamba sugu ni jambo jingine. Ni pale mtu anapokohoa makohozi siku nyingi kwa miezi mitatu au zaidi katika mwaka, na mwaka unaofuata hivyohivyo, bila ugonjwa mwingine unaoeleza kikohozi hicho.

Kwa nini haumwachi? Mirija ya hewa imetandazwa vijinywele vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyopunga bila kupumzika na kuusukuma ute juu kooni pamoja na vumbi na vijidudu. Moshi huvidhoofisha na kuviua, na wakati huohuo huzichochea tezi zitoe ute mwingi zaidi. Uchafu unaongezeka, wafagiaji wamepungua. Ute ukituama, vijidudu hupata makao, na kila maambukizi mapya huacha mirija imeharibika kidogo zaidi.

Tukisema moshi, wengi huwaza sigara. Ni kweli, sigara inaongoza. Lakini wako akina mama wengi ambao hawajawahi kushika sigara, na wamevuta moshi wa kuni tangu wakiwa wasichana, wameinama juu ya mafiga katika jiko lisilo na dirisha, pengine na mtoto mgongoni. Huniuma sana mama kama huyo anapoulizwa, "Unavuta sigara?" akajibu hapana, na maswali yakaishia hapo. Aulizwe anapikia nini, wapi, na kwa miaka mingapi. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Kwa mapafu ya mama huyu, hiyo ni tiba. Kabla gesi haijamfikia, kupikia nje au kutoboa dirisha kunapunguza moshi, ingawa hakuumalizi.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, hata kikidhaniwa ni cha mkamba wa kawaida, kisikaliwe nyumbani: lazima kifua kikuu kipimwe kwanza. Pumu nayo hufanana na mkamba. Mgonjwa akipuliza kwa nguvu kwenye mashine ya kupima mapafu, kinachotazamwa ni sehemu gani ya pumzi yake imetoka katika sekunde ya kwanza. Ikiwa chini ya asilimia 70 hata baada ya kuvuta dawa ya kupanua mirija, mara nyingi mirija imeziba kwa namna ya kudumu.

Akibanwa, aketi ameinama mbele kidogo. Avute pumzi kwa pua, kisha aitoe taratibu kwa midomo iliyobinywa, kama anayepoza chai, muda mara mbili wa ule wa kuvuta. Kubinya midomo huiweka mirija wazi hewa ikatoka. Lakini akishindwa kumaliza sentensi, akianza kusinzia ovyo, au ulimi na ndani ya midomo vikageuka rangi ya kijivu au bluu, msingoje kukuche. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.